Kombe la Hospitali na Mlango wa Chuo

Mjini London yako mashindano ya raga yachezwayo na vyuo vya udaktari, na tuzo yake huitwa Kombe la Hospitali Zilizoungana. Mashindano hayo yalianza katika msimu wa 1874–75, na hospitali ya Guy's ndiyo iliyolitwaa kombe kwa mara ya kwanza. Katika mchezo wa raga hakuna kombe la kale kuliko hilo. Hata Kombe la Calcutta, ambalo Uingereza na Scotland hulishindania, lilianza kuchezewa mwaka 1879. Wasomi waliotoka katika vyuo hivyo wana haki ya kuuonea fahari umri huo, wala hapana mtu mwenye haja ya kuwapokonya fahari yao.

Ubishi uko mahali pengine. Historia ya Kombe imezoea kuandikwa kama utenzi wa sifa: mwaka, mshindi, mshindwa, nahodha, mchezaji aliyeitwa kuichezea nchi yake, kisha neno la mwisho kwamba raga ndiyo iliyowafunza madaktari wa London ushujaa, uvumilivu na umoja. Sehemu ya kwanza ya maandishi hayo ni kumbukumbu, nayo ina faida yake. Neno la mwisho halina kumbukumbu ndani yake hata kidogo. Ni utetezi wa desturi moja iliyodumu katika vyuo hivyo kwa miaka mingi, desturi ya kumpima kwa mpira mtu atakaye kuwa daktari. Desturi hiyo iliwafungia watu nje ya mlango, na wale waliofungiwa hawamo katika utenzi.

Itafaa kuanza na asili yenyewe. Klabu ya Guy's hujihesabia umri tangu mwaka 1843. Dai hilo lina wabishi wake, kwa kuwa msingi wake mkubwa ni kadi ya ratiba ya mechi ya msimu wa 1883–84, iliyoutaja msimu huo kuwa wa 40. Na kadi iliyochapwa miaka 40 baada ya jambo ni shahidi wa kusikia. Lakini haina ubishi kwamba tarehe 26 Januari 1871, wajumbe wa vilabu na shule 21 walipokutana katika mkahawa wa Pall Mall wakaunda Chama cha Raga cha Uingereza, Guy's ilikuwamo, na King's College ilikuwamo. Wanafunzi wa udaktari hawakuukuta mchezo huu umekwisha kutengenezwa. Walikuwa miongoni mwa watengenezaji wake. Sababu yake ni nyepesi. Raga ilikulia katika shule za bweni za watoto wa wenye mali, na watoto hao ndio waliokuwa na ada ya kusomea udaktari.

Liko jambo moja katika asili hiyo ambalo watetezi wa Kombe hulipita haraka. Chama cha Raga hakikupenda makombe. Klabu ya Calcutta ilipovunjika mwaka 1878, ikaziyeyusha rupia zake za fedha na kutengeneza kombe, ilitumaini kwamba vilabu vingelishindania kila mwaka kama vilivyofanya vilabu vya soka. Chama hakikuridhia, kikalifanya kuwa tuzo ya mechi ya Uingereza na Scotland. Viongozi waliogopa kwamba kushindania kombe kutaleta ukali uwanjani, na nyuma ya ukali zitakuja fedha. Vilabu vya Uingereza vikangoja hadi msimu wa 1971–72 ndipo vikapata kombe la nchi nzima. Basi kwa muda wa karibu miaka 100 mchezaji wa kawaida aliambiwa kwamba kombe huharibu tabia, ilhali daktari mtarajiwa alikuwa akishindania la kwake kila mwaka, akisifiwa kwamba kombe humjenga tabia. Kinywa kimoja hakiwezi kuyasema yote mawili na kuaminiwa.

Mwaka 1895 fumbo hilo lilifumbuka. Vilabu vya kaskazini vya Uingereza, vyenye wachezaji waliokuwa wachimba makaa na wafanya kazi wa viwanda vya nguo, vilijitenga na Chama kwa kuwa vilikatazwa kumfidia mchezaji ujira alioupoteza kwa kuacha kazi siku ya mechi. Chama kilishikilia kwamba muungwana hucheza kwa mapenzi tu. Neno hilo lilikuwa jepesi sana katika kinywa cha mwanafunzi wa Guy's au wa St. Thomas's, maana hakuwa na ujira wa kupoteza. Chakula chake kililipiwa na baba yake. Uungwana wa namna hiyo ulikuwa na bei, na bei ilikwisha kulipwa nyumbani kabla mpira haujarushwa.

Huu ndio uliokuwa uwanja wa Kombe. Waliocheza ndani yake walikuwa vijana wa tabaka moja, wa shule za namna moja, na mara nyingi wana wa madaktari waliosoma katika hospitali zile zile. Haikuwa kosa lao kuzaliwa huko, wala kucheza kwao hakukuwa kosa. Kosa lilianza pale uhodari wao uwanjani ulipogeuzwa kuwa ushahidi kwamba wao, na watu wa mfano wao, ndio waliostahili kuingia chuoni. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Husema hivyo kwa upendo. Lakini mtunzaji akiwa ndiye pia msimamizi wa mlango, methali hiyo huwa sheria ya ukoo.

Mwaka ule ule wa 1874, wakati hospitali zilipokuwa zikijiandaa kuanza mashindano yao, jambo jingine lilifanyika London. Sophia Jex-Blake, aliyekuwa amezuiwa kukamilisha masomo ya udaktari huko Edinburgh, alianzisha pamoja na wenzake Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha London. Kilifunguliwa mwezi Oktoba kikiwa na wanafunzi 14. Kilikuwa na walimu, lakini hakikuwa na hospitali iliyokubali kuwapokea wanafunzi wake kwenye wodi. Hata mwaka 1877 ndipo hospitali ya Royal Free ikakubali. Chuo kisicho na wodi hakiwezi kumfanya mtu daktari. Hospitali kubwa zilizokuwa zikikutana kila mwaka kwa Kombe zilikuwa na wodi nyingi, na hazikutoa hata moja. Wala hilo halikuwa jambo jipya: mwaka 1861 wanafunzi wa hospitali ya Middlesex walipeleka ombi la maandishi kutaka Elizabeth Garrett aondolewe katika mihadhara yao, na akaondolewa.

Mambo hayo mawili ya mwaka 1874 hayatajwi pamoja. Anayeandika juu ya wanawake huandika juu ya wanawake, na anayeandika juu ya raga huandika juu ya raga. Kwa kuyatenganisha hivyo, mwandishi wa raga hujiondolea taabu ya kueleza yaliyotokea baada ya vita vya 1914.

Vita hivyo viliwachukua wanafunzi wanaume kwa wingi, na vyuo vikabaki na madawati matupu na sanduku tupu. Ndipo milango ilipofunguliwa. St. Mary's iliwapokea wanawake kuanzia mwaka 1916, na vyuo vingine kadha vya London vikafanya vivyo hivyo, ingawa Guy's, St. Thomas's na St. Bartholomew's vilibaki vimefungwa. Wanawake walisoma, wakafanya mitihani ile ile na kufaulu. Vita vilipokwisha na wanaume kurudi, milango ilianza kufungwa tena mmoja baada ya mwingine. Hospitali ya London ilifunga mwaka 1922. Katika St. Mary's wanafunzi wanaume walipeleka ombi mwaka 1924 wakitaka chuo kirudi kuwa cha wanaume peke yao. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, vyuo vingi vilivyofungua wakati wa shida vilikuwa vimefunga tena au vimeweka mipaka.

Hoja gani zilitolewa? Kama ingalisemwa kwamba wanawake walishindwa masomo, pangalikuwa na jambo la kupima. Hoja hiyo haikuweza kusimama. Zilitajwa haya za kufundisha miili ya watu mbele ya wanaume na wanawake pamoja. Ikatajwa hasara ya kumfundisha mwanamke atakayeolewa na kuacha kazi. Na pamoja na hayo, waziwazi na bila haya, ilitajwa michezo. Ilisemwa kwamba chuo chenye wanawake hupungukiwa na wachezaji, kwamba roho ya umoja ya chuo hudhoofika, na kwamba vijana hodari wa raga huenda kwenye hospitali zilizobaki za wanaume. Kwa maneno mengine, kila nafasi aliyopewa mwanamke ilihesabiwa kuwa nafasi moja iliyopunguzwa katika timu.

Msomaji asiyeijua mizani ya mambo hayo apime mwenyewe. Katika kitanga kimoja kuna elimu ya kuponya watu katika mji wa mamilioni, ambao nusu ya wagonjwa wake ni wanawake. Katika kitanga cha pili kuna wachezaji 15 na kombe la fedha. Vyuo vya watu wenye akili, vyenye maprofesa wanaochungulia vijidudu kwa darubini, vilitazama mizani hiyo, na kombe likawa na uzito. Anayesema kwamba raga ilikuwa mchezo tu, isiyomdhuru mtu, na alieleze hilo.

Katika St. Mary's desturi hii ilipata mtu wa kuipa falsafa. Charles Wilson, ambaye baadaye alipewa cheo na kuitwa Lord Moran, alikuwa mkuu wa chuo hicho tangu mwaka 1920 hadi 1945, na tangu 1940 alikuwa daktari wa Winston Churchill. Alikikuta chuo kikiwa hafifu, akakiacha na majengo mapya na jina kubwa. Alipenda wachezaji wa raga, akawapa nafasi na ufadhili wa masomo, na hakuficha. Katika miaka yake St. Mary's ilikuwa miongoni mwa timu zilizoogopwa katika Kombe. Iko hadithi isimuliwayo juu ya mkuu huyo, na juu ya wakuu wa vyuo vingine pia, kwamba katika usaili alikuwa akimrushia kijana mpira ghafla: akiudaka, ameingia, akiudaka na kuupiga teke ukaingia katika kapu la taka, amepata na ufadhili. Hadithi hiyo yaonekana ni mzaha. Lakini mzaha husimuliwa kwa miaka mingi kwa sababu wasikilizaji wanautambua ukweli uliomo, na katika vyuo vya London mzaha huo ulichekewa na wale waliokwisha kuingia.

Haifai kumtendea Moran kama mpumbavu. Alikuwa daktari wa kikosi katika vita vya kwanza vya dunia, aliwaona vijana wakivunjika moyo katika mahandaki, na alipata nishani ya ushujaa. Kitabu chake juu ya ushujaa, kilichotoka mwaka 1945, kinasema kwamba ushujaa ni kama akiba ya mtu: kila siku ya hofu hutolewa kiasi, na siku moja akiba hukwisha. Alishika pia kwamba mtu atakayesimama imara vitani ni yule aliyekuwa na tabia imara tangu wakati wa amani. Kutoka hapo hadi uwanja wa raga alivuka kwa hatua moja. Alitaka madaktari wasiokimbia, na alidhani uwanja utamwonyesha ni nani asiyekimbia.

Hatua hiyo moja ndiyo yenye shimo. Kwanza, mahandaki aliyoyaona Moran yalijaa wachimba makaa, wakulima na makarani ambao hawakuwahi kuugusa mpira wa mviringo wa yai, nao walisimama mpaka wakafa. Pili, iko hospitali moja ya vita hivyo hivyo ambayo ingalitosha kumjibu. Mwaka 1915 Louisa Garrett Anderson, binti wa yule Elizabeth aliyefukuzwa Middlesex, pamoja na Flora Murray, walipewa na jeshi hospitali katika mtaa wa Endell, London. Madaktari, wapasuaji na watumishi wake karibu wote walikuwa wanawake. Majeruhi waliletwa usiku kutoka Ufaransa, na mpaka ilipofungwa mwaka 1919 hospitali hiyo ilikuwa imetibu wagonjwa wapatao 26,000. Madaktari wale walikuwa wamezuiwa maisha yao yote kuwapasua wanaume, wakajifunza kazi hiyo juu ya majeraha mabaya kuliko yote yaliyopata kuonekana. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kupimwa kwa raga. Mtu aliyetaka kujua wapi panapatikana daktari asiyekimbia angaliweza kutembea kwa miguu kutoka St. Mary's na kuuliza.

Watetezi wa Kombe wana jibu lao, nalo ni majina. Watamtaja Teddy Morgan wa Guy's, aliyekimbia na mpira na kuuweka chini nyuma ya mstari wa New Zealand, mwezi Desemba 1905, na kuwapa Wales ushindi pekee dhidi ya wageni hao katika ziara yao ya Uingereza. Watamtaja Owen-Smith, kijana wa Afrika ya Kusini, aliyeichezea nchi yake kriketi akapata mikimbio 129 huko Leeds mwaka 1929, kisha akasomea udaktari St. Mary's na kuwa nahodha wa raga wa Uingereza mwaka 1937. Watamtaja J.P.R. Williams, mwana wa Wales, aliyesoma St. Mary's, akaichezea nchi yake mara 55, na baadaye akawa mpasuaji wa mifupa mpaka uzeeni; alifariki mwezi Januari 2024. Majina hayo ni ya kweli, na sifa zake zimestahiliwa. Williams hasa alikuwa mtu wa ajabu, aliyekuwa akipasua na kucheza katika miaka ile ile.

Lakini majina hayathibitishi linalotakiwa kuthibitishwa. Yanaonyesha kwamba mtu aweza kuwa mchezaji hodari na daktari mzuri, jambo ambalo hakuna aliyelikanusha. Hayaonyeshi kwamba huyu alikuwa daktari mzuri kwa kuwa alikuwa mchezaji hodari, wala kwamba aliyeachwa nje kwa kutojua kucheza angalikuwa daktari mbaya. Ili kuthibitisha hilo ingebidi kuwaweka pamoja waliopokelewa na waliokataliwa na kuwalinganisha, na waliokataliwa hawakulinganishwa na mtu, maana walikwenda zao wakawa walimu, makarani, au wake za madaktari.

Hoja ipendwayo kuliko zote ni ile ya Alexander Fleming. Alipohitimu mwaka 1906 katika St. Mary's, Fleming alikuwa mpiga shabaha hodari, na mwenzake mmoja, asiyetaka timu ya bunduki ya hospitali impoteze, alimtafutia kazi katika maabara ya Almroth Wright. Fleming akabaki, na mwaka 1928 akaiona penisilini. Tazameni, husema watetezi, bila michezo penisilini ingalikosekana! Bunduki si raga, lakini hilo lisameheke. Jambo lisilosameheka ni hesabu yenyewe. Mtu aliyechota samaki mmoja kwa kikapu kilichotoboka hawezi kukisifu kikapu kwa samaki huyo bila kuuliza wangapi wamepita kwenye tundu. Tena Fleming peke yake hakuifanya penisilini kuwa dawa. Ilifanywa dawa Oxford, kuanzia mwaka 1939, na kundi la Howard Florey, na ndani ya kundi hilo alikuwamo Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Watatu hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1945. Chain hakuingia katika sayansi kwa kuhitajiwa na timu. Na huyo Almroth Wright, bwana wa maabara iliyompokea Fleming, ndiye aliyeandika mwaka 1913 kitabu kizima cha kupinga wanawake kupiga kura. Maabara iliyofunguka kwa mpiga shabaha ilikuwa na bwana aliyekwisha kuamua ni nusu gani ya wanadamu isiyofaa.

Jambo la rangi nalo limo humu. Harold Moody alifika London kutoka Jamaika mwaka 1904, akasoma King's College, akapata tuzo za masomo na kuhitimu mwaka 1910. Alipoomba kazi katika hospitali alikataliwa kwa kuwa ni mtu mweusi, akafungua zahanati yake mwenyewe Peckham mwaka 1913. Hakuna mtihani aliokuwa ameshindwa. Alishindwa katika kipimo kile kisichoandikwa, cha kufanana na wenyeji. Na raga ya hospitali ilikuwa mojawapo ya sura za kipimo hicho, iliyo ya furaha na kelele kuliko nyingine.

Kelele hizo zilikuwa na desturi zake. Siku ya Kombe, mashabiki wa hospitali mbili walikutana, aghalabu Richmond, wakarushiana unga, masizi na mayai yaliyooza kabla ya mechi na wakati mwingine katikati yake. Mji ulicheka: ni vijana, kesho watakuwa madaktari. Lau vijana wa bandarini wangalifanya hivyo siku moja katika bustani ile ile, gazeti la kesho yake lingaliandika neno jingine, na hakimu angalikuwa na kazi.

Wapo wasemao kwamba hayo yote ni ya zamani, na kwamba kuyachokora ni kutafuta ugomvi na wafu. Basi na watazame tukio lisilo la zamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika chuo cha hospitali ya St. George's, ilitengenezwa programu ya kompyuta ya kuchagua watakaoitwa kwenye usaili. Kuanzia mwaka 1982 uteuzi wa kwanza wote ulifanywa nayo. Ilipochunguzwa, ilikutwa ikimpunguzia alama mwombaji aliye mwanamke, na kumpunguzia zaidi mwenye jina lisilo la Kizungu. Tume ya Usawa wa Rangi ilitoa taarifa yake mwaka 1988: huenda watu wapatao 60 kila mwaka walinyimwa usaili kwa sababu hiyo. Linalotisha zaidi ni kwamba programu haikuwa imeharibika. Ilijengwa kwa kufuata maamuzi ya wateuzi wa kibinadamu wa miaka ya nyuma, na majibu yake yalikubaliana na yao kwa asilimia 90 hadi 95. Mashine ilisema kwa tarakimu yale ambayo wateuzi walikuwa wakiyasema moyoni. Na la kushangaza zaidi, chuo hicho kilikuwa kikipokea watu wa asili za nje wengi kuliko vyuo vingi vya London. Kilikamatwa kwa kuwa kiliandika.

Raga haikuwamo katika programu ile, wala haidaiwi kwamba ilikuwamo. Kinachodaiwa ni kwamba mti ni mmoja. Vyuo vilivyozoea kwa vizazi kumtambua mtu wao kwa harufu ya uwanja, kwa shule aliyotoka, kwa baba yake, kwa jinsi alivyodaka mpira, vilizoea pia kutotoa sababu. Na mahali pasipotolewa sababu, ubaguzi hauhitaji hata kuwa na nia mbaya. Waweza kukaa humo umestarehe, ukijiita busara ya wazee.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asifikiri kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Tangu mwaka 1949 hadi 1963 Makerere ilikuwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na walimu wengi waliofundisha huku walitoka katika vyuo vile vile vilivyoshindania Kombe. Walileta elimu kubwa. Walileta pia neno "tabia" kama lilivyotumiwa kwao, na kila mwombaji aliyewahi kuulizwa katika usaili ni michezo gani aipendayo, akaona uso wa msaili ukikunjuka au ukikunjamana kwa jibu lake, amekutana na ukoo wa swali la Moran.

Ni nini kilichoivunja desturi hiyo London? Haukuwa moyo wa vyuo vyenyewe. Halmashauri ya Goodenough, iliyotoa taarifa mwaka 1944, ilishauri kwamba fedha za serikali zitolewe kwa sharti la kupokea wanaume na wanawake, na ikataja kiasi cha sehemu moja kwa tano kuwa cha wanawake. Miaka michache baada ya vita, vyuo vilivyokuwa vimefungwa tangu kuumbwa kwake vilifungua. Sehemu moja kwa tano ilikuwa haki ndogo, tena iligeuka haraka kuwa dari badala ya sakafu. Lakini bila ya mfuko wa serikali hata hiyo isingalipatikana. Hapa watetezi wa Kombe wana swali zito la kujibiwa nao. Walitabiri kwamba wanawake wakiingia, roho ya hospitali itakufa. Wanawake waliingia. Leo wanafunzi wa udaktari wa Uingereza walio wanawake ni zaidi ya nusu, na wanawake nao hucheza raga katika hospitali hizo. Kombe bado linachezwa. Lililoliteremsha kutoka utukufu wake wa kale halikuwa wanawake hata kidogo: raga ya Uingereza iliruhusu malipo mwaka 1995, na mwanafunzi ashindaye wodini hawezi tena kushindana na mtu ambaye mpira ndio mshahara wake.

Vyuo navyo vimeunganishwa. Guy's na St. Thomas's zilishikana mwaka 1982, kisha zikaingia King's mwaka 1998. St. Mary's ilijiunga na Imperial mwaka 1988, na Charing Cross na Westminster zikafuata mwaka 1997. St. Bartholomew's na London ziliunganishwa mwaka 1995. Middlesex, iliyomfukuza Elizabeth Garrett, na Royal Free, iliyowapokea wanawake wa kwanza, leo ziko katika chuo kimoja na huvaa jezi moja. Hata St. George's, iliyojitegemea muda mrefu kuliko zote, iliungana na Chuo Kikuu cha City mwaka 2024.

Orodha ya washindi wa Kombe imekwisha kuandikwa mara nyingi, na Guy's inaongoza. Orodha ya pili haijaandikwa pembeni yake: ni wanawake wangapi waliopokelewa katika kila hospitali tangu 1916, mwaka gani walisimamishwa, ni nani aliyetia sahihi, na katika mwaka huo timu ilishinda au ilishindwa. Daftari za vyuo zipo. Atakayeiandika historia ya Kombe hili tena na azipange orodha hizo mbili katika ukurasa mmoja.